Embe Lililoivia Mtini

Mvua ya vuli ikipiga usiku kucha mwezi wa Desemba, asubuhi uwanja wetu wa Toangoma, Dar es Salaam, huwa umetapakaa maembe. Mwembe wenyewe ni dodo wa mbegu, ulipandwa na marehemu babu wakati Toangoma bado ni mashamba na mtu akitoka Mbagala kuja huku anaaga kama anayesafiri. Nusu ya matawi yako kwetu, nusu yamevuka ukuta yako kwa jirani. Asubuhi ninayoisimulia niliokota embe moja lililoanguka bila kupasuka, la manjano yenye wekundu, nikaligeuza mkononi. Karibu na kikonyo palikuwa na kitundu kidogo kama alama ya ncha ya sindano, na juu yake tone la utomvu lililokauka. Nikalikata. Upande mmoja nyama ilikuwa ya manjano safi. Upande wa pili imekuwa uji wa kahawia, na ndani ya uji huo funza weupe wanapitana. Mmoja alijikunja mpaka kichwa kikakutana na mkia, akajifyatua, akaruka nje na kutua mchangani. Kabla sijajua la kufanya alikwisha kuanza kuchimba.

"Ndiyo hayo ya kuivia mtini," mama akasema kutoka jikoni, bila kuja kutazama. "Nilisema tuyaangue tuyavundike, ukasema yaachwe yapate utamu."

Tangu siku hiyo maneno hayo mawili, kuivia mtini na kuvundika, hayanitoki. Ni maneno ya jikoni, lakini yanatenganisha njia mbili za kuishi na mti wa matunda, na njia hizo zimeenea kote kuzunguka Bahari ya Hindi. Nataka kuzilinganisha hapa, kwa sababu mdudu anayekula maembe ya Temeke na Kinondoni ni yuleyule anayekula maembe ya India, Thailand na Ufilipino, na watu wa huko wamekaa naye muda mrefu kuliko sisi.

Kiswahili kinahesabu umri wa embe kwa makini sana. Likiwa dogo kama kidole gumba ni changa. Likinenepa, likawa gumu na chachu, ni bichi. Halafu linapevuka: mabega yanajaa pande zote mbili za kikonyo, ganda linapoteza ule ukijani mkali, kokwa linakauka na kuwa gumu, ila ukiliuma bado uchachu uko palepale. Baada ya hapo ndipo linaiva, na likipitiliza linakuwa bovu. Mchumaji mzoefu anaangua yaliyopevuka, si yaliyoiva. Anayapanga kwenye tenga au pipa, anayafunika kwa magunia na majani makavu ya mgomba, na baada ya siku chache yanatoka yakiwa na rangi na harufu. Hilo ndilo embe la kuvundika. Lakini nenda soko la Temeke Stereo msimu ukiwa umepamba moto, usikilize wanunuzi wanavyouliza: "Haya ya mtini, kaka?" Na muuzaji, hata kama ameyatoa kwenye tenga saa moja iliyopita, anajibu, "Ya mtini kabisa, dada, karibu." Sote tunaamini embe la mtini ndilo tamu zaidi, na mimi naamini hivyo mpaka leo.

Tatizo ni kwamba nzi wa matunda naye anaamini hivyo. Jike akitua juu ya embe changa anakuta ganda gumu na utomvu mwingi, na mara nyingi anaondoka. Embe linapopevuka na kuelekea kuiva, harufu inabadilika, ganda linalegea, sukari inapanda. Hapo anachomeka mrija wake wa kutagia chini ya ganda na kuacha mayai kadhaa kwa pamoja. Kwa joto la pwani mayai yanaanguliwa baada ya siku 1 au 2. Mabuu, ambao sisi tunawaita funza, wanakula kwa wiki moja au zaidi kidogo, kisha wanatoka na kujichimbia udongoni, sentimita chache tu kutoka juu, na kuwa pupa wa kahawia walio kama punje za mchele. Baada ya siku kama 10 nzi kamili anatoka. Kutoka yai hadi nzi ni wiki 3 hivi. Jike anahitaji muda mwingine wa kujilisha, kwa utamu unaodondoshwa na vidukari na kwa kinyesi cha ndege juu ya majani, kabla hajawa tayari kutaga. Akishakuwa tayari anaweza kuishi kwa miezi na kutaga mayai zaidi ya 1,000.

Kwa hiyo ile nafasi iliyo kati ya neno pevu na neno bivu ndiyo inayolisha kizazi chake. Anayevundika analiondoa tunda mtini nafasi hiyo ikiwa bado finyu. Anayesubiri utamu wa mtini anaiacha wazi kwa siku zote ambazo embe linaning'inia likinukia.

Nzi huyu ni mgeni kwetu. Alionekana mara ya kwanza pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akapatikana Tanzania. Miaka 2 baadaye wataalamu walimpa jina la kisayansi lenye maana ya mvamizi, *Bactrocera invadens*, kwa sababu alikuwa anasambaa barani kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2015 jina hilo likafutwa: ilithibitika kwamba si spishi mpya, ni *Bactrocera dorsalis*, nzi wa matunda wa Asia anayejulikana kwa miaka mingi. Nakaa sana kwenye jambo hili kila ninapolifikiria. Mwembe wenyewe ulitoka Asia. Uliivuka bahari hii karne nyingi zilizopita, ukaota mizizi Pwani mpaka hakuna anayeuona mgeni, na mdudu wake akabaki nyuma. Alipofika, alikuta meza imeshatandikwa. Nzi wetu wa asili, *Ceratitis cosyra*, ambaye kabla ya embe alikuwa anaishi kwenye mng'ong'o wa porini, alikuwa amejifunza kula embe, lakini hakuweza kushindana na mgeni. Huko Nguruman nchini Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Sunday Ekesi walionyesha kwamba ndani ya miaka 4 mgeni alikuwa amemsukuma mwenyeji karibu kumwondoa kabisa kwenye embe.

Sasa tuvuke bahari. Nchini Thailand embe bichi linakatwa vipande na kuliwa kwa sukari, chumvi na pilipili. Nchini Ufilipino linaliwa kwa uduvi uliochachushwa. Nchini India embe bichi ndilo mama wa achari, na neno achari tulilipokea pamoja na chakula chenyewe. Na sisi, kwenye kituo cha Mbagala Rangi Tatu, kijana anapita dirishani kwa daladala na beseni la embe bichi lililokatwa mapande, chumvi na pilipili ya unga pembeni. Nyumbani embe bichi linatiwa kwenye mchuzi wa samaki kuleta uchachu. Ramani ya walaji wa embe bichi inakaribiana sana na ramani ya nzi. Sisemi kwamba watu walianza kula embe bichi ili kumkimbia mdudu, walipenda ladha. Lakini kila embe linaloliwa likiwa bichi ni embe ambalo nzi amelikosa, na jiko la pwani zote hizi limekuwa likifanya kazi ambayo hakuna aliyeliagiza.

Tofauti inaanza tunapofika kwenye embe linaloachwa kuiva. Wafilipino huyavika maembe yakiwa bado madogo mtini, moja moja, mifuko iliyokunjwa kwa magazeti ya zamani. Wamalaysia hufanya hivyo kwa matunda yao ya nyota, na Taiwan na Thailand hufunika mapera. Nzi anafika, anasikia harufu, lakini mrija haufiki kwenye ganda. Kwa mila hii tunda linaweza kuivia palepale mtini na kubaki safi: utamu na usalama kwa pamoja. Ni kazi ya mikono, ya subira, na inafanya kazi.

Kwa nini sisi hatufanyi? Nilidhani ni uvivu mpaka nikasimama chini ya dodo letu nikatazama juu. Mwembe wa mbegu ukishatimiza miaka 40 ni mrefu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Nani atapanda kuvika maembe mia kadhaa, tena kwenye matawi membamba ya pembeni? Mila ya kuvika ni mila ya miti mifupi, iliyopogolewa, ambayo mtu anaifikia akiwa amesimama chini au juu ya ngazi fupi. Mila yetu ni ya mwembe wa kivuli. Babu hakupanda kiwanda cha maembe. Alipanda mahali pa kukaa, pa kusuluhishia ndugu, pa kutandika mkeka wakati wa msiba. Matunda yalikuwa nyongeza. Hata jiji letu limejipa majina kwa miti ya namna hiyo: Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mnazi Mmoja, Mikocheni. Mti uliopandwa kwa ajili ya kivuli hauwezi kutunzwa kwa mbinu za mti uliopandwa kwa ajili ya tunda, na anayetuletea mbinu za Ufilipino bila kuliona hilo atarudi nazo. Ila kule Bunju na Mabwepande naona watu wanaojenga sasa wanapanda miche ya kubebesha, mifupi, inayozaa mapema. Hao gazeti linawahusu.

Lakini embe ni nusu tu ya habari, na hapa ndipo nadhani mila yetu ina upofu mkubwa. Msimu wa embe kwetu ni wa miezi michache, kuanzia Novemba hadi Februari hivi. Nzi anaishi wapi miezi iliyobaki?

Nilipata jibu kwenye makopo matatu ya maziwa ya unga. Niliweka mchanga chini ya kila kopo, juu nikaweka matunda yaliyoanguka, nikafunga mdomo kwa kipande cha khanga na mpira. Kopo la kwanza lilikuwa na embe. La pili mapera kutoka kwenye mti ulioota wenyewe kando ya simtanki, pale maji yanapomwagika. La tatu kungu, matunda ya ule mkungu wa kivuli ulioko getini. Matunda yalioza yakawa maji, yakanuka mpaka mama akaniamuru niyapeleke nyuma ya choo. Baada ya wiki mbili na siku kadhaa khanga zote tatu zilikuwa na nzi waliong'ang'ania kwa ndani. Niliwatazama kwa kioo cha kukuzia: mgongoni mistari miwili ya manjano, mbawa angavu, tumboni alama nyeusi yenye umbo la herufi T. Wote sawa. Wa kwenye kungu, tunda ambalo sijawahi kuona mtu akilihesabu kuwa tunda isipokuwa watoto wanaogonga mbegu yake kwa jiwe, hakuwa tofauti na wa kwenye dodo.

Nzi hapangi mwaka wake kwa kalenda ya zao moja. Anaupanga kwa miti inayopokezana. Huko Morogoro, Maulid Mwatawala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walifuatilia mitego na matunda kwa miaka kadhaa baada ya nzi kuingia, wakaona kwamba wingi wake unapanda na kushuka pamoja na misimu ya embe na mapera. Embe likiisha, mpera unapokea. Mpera hauzai kwa mkupuo. Unatoa kidogo kidogo kwa miezi, tunda laini, ganda jembamba, na hakuna anayejali likianguka. Mkungu nao unazaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Mstafeli unaweka lake. Kwa mwenye nyumba hiyo ni miti minne yenye kazi nne tofauti: chakula, dawa, kivuli, mapambo. Kwa nzi ni nyumba moja yenye vyumba vinne, na milango yake haifungwi kwa pamoja hata siku moja.

Vyumba hivyo havilingani. Buu aliyelishwa vizuri anakuwa pupa mzito, na pupa mzito hutoa nzi mkubwa, na jike mkubwa hutaga zaidi. Aliyelishwa vibaya anachelewa, anatoka mdogo, au hatoki. Yako matunda yanayojitetea kwa namna ya kustaajabisha. Papai likiwa bichi lina utomvu wenye kemikali inayoua mayai ya nzi huyu na kumfukuza jike. Utomvu ule ule unaowasha vidole vya mama anapolimenya kutia kwenye nyama ngumu. Linapoiva utomvu unakwisha na ulinzi unakwisha nao. Ganda la limau limejaa mafuta. Tangu 1915, Back na Pemberton, wakichunguza nzi mwingine wa matunda huko Hawaii, walieleza jinsi mayai na mabuu wadogo wanavyokufa ndani ya ganda la malimau na machungwa kabla hawajafika kwenye nyama. Mlimau na mpera inaweza kusimama uwanja mmoja, umbali wa hatua tano, na kwa maisha ya nzi ikawa kama jangwa na bonde la maji.

Hawaii inastahili kutajwa zaidi, kwa sababu ndiko mila ya maabara ilikokutana na tatizo letu hili hasa. Nzi huyu alifika huko miaka ya 1940, akakuta mapera yaliyotoroka mashambani na kujaa mabondeni. Kwa muda mrefu watu walipigana naye mashambani, na kila mara alirudi kutoka mabondeni. Waliingiza nyigu mdogo, *Fopius arisanus*, anayetaga yai lake ndani ya yai la nzi, na idadi ya nzi kwenye mapera ikashuka sana. Nyigu huyohuyo icipe ilimleta Afrika kutoka Hawaii mwaka 2006. Huko Hawaii kwenyewe, kuanzia mwaka 1999, watu waliendesha mpango wa kutazama eneo zima badala ya shamba moja moja, na jambo la kwanza walilolisisitiza lilikuwa usafi: kila tunda lililoanguka, la biashara au la porini, lisiachwe kulea funza. Walibuni hata hema la wavu ambalo matunda mabovu yanatupwa ndani. Matundu ya wavu yanamzuia nzi kutoka lakini yanampitisha nyigu. Wakulima wa Kenya nao wamefundishwa kulitumia. Mimi nalipenda hema hilo kuliko dawa zote za kupuliza, kwa sababu limetengenezwa na mtu aliyeyajua maisha ya wadudu wote wawili.

Upo mmea mwingine unaoingia katika maisha ya nzi bila kulisha funza hata mmoja. Mwaka 1912 F. M. Howlett, mtaalamu wa wadudu aliyekuwa Pusa nchini India, aliandika kuhusu mafuta ya sitronela, jani lililo ndugu wa mchaichai, yaliyotumiwa kufukuza mbu ila yakawaita nzi wa matunda, madume watupu. Miaka 3 baadaye kiini kilijulikana: methili yujinoli. Dume hukila kutoka kwenye maua na majani ya mimea fulani, mwili wake unakigeuza kuwa manukato, na kwa manukato hayo anawavuta majike. Kiini hicho kimo ndani ya baadhi ya jamii za mrehani. Kule India kuna wakulima wanaoponda majani ya tulsi, mrehani wao mtakatifu, wakaweka maji yake kwenye vifuu vya nazi vyenye sumu kidogo na kuvitundika mashambani. Mrehani huo Wahindu wanaupanda mbele ya nyumba kwa ibada. Wa kwetu tunaupanda mlangoni kwa harufu yake, unafungwa kwenye kikuba pamoja na asumini, na nduguye kivumbasi anachomwa kufukuza mbu. Jamii moja ya mmea, pwani mbili za bahari moja, na ni upande mmoja tu uliogundua kwamba nzi naye anaufuata. Vifuu tunavyo, mrehani tunao.

Sitaki kuahidi zaidi ya kweli. Mtego wa namna hiyo unaua madume peke yao, na dume mmoja anapanda majike wengi. Kisiwa cha Rota kwenye Bahari ya Pasifiki kilimfuta nzi huyu miaka ya 1960 kwa methili yujinoli na sumu, na Japani ikamaliza kumwondoa kwenye visiwa vyake vya kusini mwaka 1986, lakini visiwa hivyo vilifunikwa vyote, kila sehemu, kwa kupangwa na serikali. Nimeona chupa za maji zilizotundikwa kwenye mwembe mmoja huko Goba zikiwa zimejaa nzi waliokufa, na mwenye mti anafurahi, na maembe yake yana funza vilevile. Majike waliopandwa wanavuka ukuta kutoka kwa jirani.

Tulicho nacho sisi, na ambacho hatukithamini, ni maji moto. Kila aliyepanda mwembe au mkorosho hapa Pwani anamjua: sisimizi mwekundu anayeshona majani mabichi kwa nyuzi za watoto wake, na ukimgusa anakuumiza kwa meno na asidi mpaka unashuka. Wachumaji wanabeba mwenge kumchoma. Kule kusini mwa China, kitabu kinachotajwa kuwa cha mwaka 304 cha Ji Han kinaeleza jinsi watu walivyokuwa wakinunua sokoni viota vya ndugu yake huyu, vimetiwa kwenye mifuko ya majani, ili wakavitundike kwenye michungwa, kwa kuwa bila sisimizi hao machungwa yote yanaharibiwa na wadudu. Baadaye wakulima wa huko waliwajengea madaraja ya mianzi kutoka mti hadi mti. Mdudu ambaye huku anachomwa moto, huko ananunuliwa. Na si kwamba wa kwetu ni dhaifu. Mwaka 2007 Paul Van Mele na wenzake walichapisha matokeo ya mashamba ya maembe ya Benin: palipojaa maji moto, funza wa matunda walipungua sana. Nzi akitua anashambuliwa, na hata harufu tu ya sisimizi iliyobaki kwenye ganda inamfanya jike asite kutaga.

Sayansi yetu wenyewe ilishakaribia hapo zamani. Miaka ya 1950 M. J. Way alimchunguza maji moto Zanzibar kwa sababu ya mdudu anayefyonza nazi changa, mdudu aliyepewa jina lake, *Pseudotheraptus wayi*. Kuanzia 1979 mradi wa taifa wa minazi wenye makao Mikocheni uliendeleza kazi hiyo. Kilichojitokeza ni kwamba mnazi peke yake si makazi mazuri kwa maji moto. Anahitaji miti yenye majani anayoweza kuyashona, mchungwa, mwembe, mpera, katikati ya minazi. Mlinzi naye ana miti yake ya kumlea. Mpera uleule ninaoulaumu kwa kumfuga nzi unaweza kuwa ndio unaomfuga adui wa nzi. Hili ndilo linalonizuia kukubaliana na wanaosema tukate mapera na mikungu yote ya mitaani. Ukiukata mti unaondoa chumba cha nzi, na unaondoa kiota cha maji moto, na kivuli, na pera la mtoto anayetoka shule. Tatizo letu liko chini ya mti, kwenye tunda lililoachwa mchangani siku tatu.

Tunafagia, tena kila alfajiri. Hakuna mila iliyoshika kwetu kama ufagio wa chelewa uwanjani. Lakini tazama takataka zinakokwenda: zinarundikwa shinani mwa mti, majani na maembe mabovu pamoja, ziwe mbolea. Mchanga wa Toangoma, Chamazi na Kongowe ni laini, na rundo linautunzia unyevu. Pupa hawezi kuomba kitanda bora zaidi ya hicho. Kizazi kizima kinalelewa na mkono uleule unaosafisha, kwa kukosa hatua ishirini na shimo.

Basi mwaka huu tumegawana. Matawi tunayoyafikia mama ameshika usukani: maembe yanaanguliwa yakipevuka, yanaingia pipani, na uvungu wa kitanda chake unanukia chumba kizima. Viota vya maji moto tumeviacha, na mchumaji tumemwongezea pesa kwa sababu yao. Tawi moja la upande wa mashariki, fupi, nimelivika magazeti, maembe 30, hayo ya kuivia mtini.

Kisha nikabisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimweleza habari za makopo, za mapera, za nzi anayevuka ukuta. Alisikiliza, kisha akasema yale maembe yanayoangukia kwake alikuwa anaona haya kuyagusa kwa kuwa mti si wake, ndiyo maana yanaozea pale. Miaka yote mimi nilidhani anayapuuza. Tulichimba shimo moja kona ya ukuta, kina cha futi 3 maana mchanga wetu mwepesi nzi anaweza kupenya, na kila jioni mabovu ya nyumba zote mbili yanatupwa humo na kufukiwa kwa udongo wa kushindiliwa. Juzi mjukuu wake alikuja na ndoo imejaa kungu zilizooza, alizoziokota getini kwetu na kwa nyumba ya tatu. Akasimama pembeni ya shimo, hana hakika.

"Na hizi?"

"Na hizo," babu yake akamjibu. "Mwaga zote."